Kambale Anaita

Kila mvua iliponyesha milimani, simu za Bwera zililia. Watu walisoma ujumbe, wakazilaza simu kifudifudi.

"Mimi Kambale. Maji inapanda. Njoo huku."

Kambale alizikwa mwaka jana. Mto ndio uliomchukua.

Sasa Phionah, dada yake, ndiye aliyetunza programu aliyoiacha, ya kuwaonya watu kwa simu mto unapofurika. Siku alipouona ujumbe huo kwenye simu ya mama yao, Loyi, aliusoma mara mbili. Yeye hakuandika jina hilo!

"Mama, toka hapa mutoni. Mvua inakuja."

"Sitoki," mama alisema, macho kwenye maji. "Mufu akikuita, usiitike. Bajirani bote beko naogopa."

Wingu jeusi lilikuwa limeshafunika milima ya Rwenzori. Phionah alikimbia hadi kwa Medius, jirani wa kule juu anayefundisha kompyuta mjini Kasese.

Medius alisoma programu, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, akakunja uso. "Hizi klasi zote, vipande virefu hivi vya programu, umetoa wapi?"

"Nilinakili ile ya Kambale. Kila kijiji na klasi yake. Nikabadilisha jina la kijiji tu. Sikutaka kufuta kazi ya mkono wake."

"Basi huyu hapa." Medius alionyesha mstari wa chini kabisa: "Mimi Kambale." Marehemu alikuwamo katika kila nakala.

"Pole, dada. Sasa sikiliza. Kiolesura, ile interface, ni ahadi ya kazi. Hiki chako, Onyo, kinaahidi kazi moja tu: kutuma. Kwa kazi moja hauhitaji klasi nzima. Andika lambda, kazi yenyewe kwa mstari mmoja. Kushoto mwa mshale, kile unapokea. Kulia, kile unafanya."

"Java itajua ni kazi gani?"

"Iko moja tu, itapotelea wapi? Zingekuwa mbili, ingekataa."

Phionah alifuta nakala zote huku akilia. Ilikuwa kama kumzika kaka yake mara ya pili. Kisha kila kijiji kikapata mstari wake, hivi:

Onyo bwera = maji -> simu.tuma("Bwera", "Mimi Phionah. Maji ni mita " + maji + ". Pandeni juu.");

Ngurumo ikapiga. Simu zikalia huko chini. Phionah alisimama njiani akitazama mteremko. Hakuna aliyetokea. Mto ulivuma.

Halafu akaona godoro likipanda polepole kichwani mwa mtu. Alikuwa mama yake, na majirani wakimfuata.

"Nimesoma jina yako," Loyi alisema akihema. "Mutu mwenye eko hai akiniita, naitika."

Nyuma yao maji yaliingia nyumbani kwa Loyi, yakakuta kitanda kitupu.