Ng'ombe Mweupe wa Elina

Mzee Yakobo alikutwa amekufa Alhamisi asubuhi, sakafuni kando ya kitanda chake, shuka limemzonga miguuni na mate yamemkaukia kidevuni. Karibu na mafiga palikuwa na sufuria ya utumbo, imebaki supu kidogo. Aliyemkuta ni mjukuu wake Elina, aliyekuwa amempelekea uji. Kilio chake kilisikika ng'ambo ya shamba la pamba, kwa Mwalimu Klementina, mjane aliyestaafu zamani lakini bado anajiona ana zamu. Aliacha chai yake mezani akaenda.

Kufika mchana, kijiji kile cha jirani na Dutwa kilikuwa kimeshajipatia muuaji. Daktari wa Bariadi, walikoupeleka mwili, alikuwa amesema kwa simu kwamba dalili ni za dawa ya pamba, ile ya kupulizia wadudu. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakapekua boma, wakakuta chupa ya dawa hiyo chini ya kitanda cha Luhende, mchungaji wa ng'ombe. Na nani hakujua kwamba Jumapili mzee alimchapa fimbo mbele ya watu kwa kuachia ng'ombe waingie kwenye pamba ya jirani? Luhende akafungwa kamba na kuwekwa ofisi ya kijiji. Nje walikaa vijana wenye mawe, wanamsubiri wa kuanza.

"Kesi imekwisha, mwalimu wangu," alisema Afande Januari, mtu wa Tanga, mpole kupita kazi yake. "Nasubiri gari tu."

"Ile dawa watu huogeshea ng'ombe kuua kupe. Kila boma lina chupa."

"Na ugomvi je? Kila boma lina ugomvi?"

"Ndiyo," alisema Klementina. "Nipe dakika chache na huyo kijana."

Luhende alikuwa amevimba mdomo. "Mwalimu, mimi utumbo sijaugusa. Nilisema nyama ile isiliwe kabisa. Ng'ombe jioni alikuwa mzima, alfajiri amekufa. Wakaniambia mchungaji hapangi mambo ya nyama."

Ng'ombe huyo mweupe alijulikana kijiji kizima. Aliletwa na Cyprian, mfanyabiashara wa samaki wa Lamadi, mgane wa Precious, dada yake Elina, aliyefariki mwaka jana akijifungua. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekubaliana kwamba Elina, mwenye miaka kumi na saba, aende kukaa mahali pa dada yake. Ng'ombe mweupe alitangulia kufungua njia, na wenzake wa mahari wangefuata Jumamosi. Jumatano alfajiri akakutwa amekufa zizini. Marcelo, baba yake Elina, alimwita bwana mifugo, lakini visu vilifika kabla yake. Waliochoma mapaja waliumwa matumbo usiku kucha, wakasingizia ulafi wao.

Klementina alienda nyuma ya zizi, mahali walipomwaga uchafu wa tumbo la ng'ombe. Kuku walikuwa wamelala pale pale, mabawa wazi, na kunguru mmoja kando yao. Alisimama akiwatazama. Kuku hawakualikwa kwenye sufuria ya mzee.

Akaokota kijiti, akapekua. Kati ya majani kulikuwa na vipande vyeupe vilivyovimba maji. Michembe: viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa juani. Vilikuwa vizima, kwa sababu ng'ombe humeza kwanza, hutafuna baadaye akitulia kucheua. Huyu hakuwahi kucheua. Basi sumu haikutiwa kwenye supu. Ililishwa ng'ombe, na mzee aliikuta humo.

Halafu akakigeuza kipande kimoja kiganjani. Kilikuwa kinene upande mmoja na chembamba kama ganda upande wa pili. Vingine vyote vilikuwa hivyo hivyo. Kila mwanamke ana mkono wake, na mkono huu aliujua. Alikuwa ameila michembe hiyo kwa karanga miaka mingi, akimtania aliyeikata kwamba kidole gumba chake kigumu kinamharibia viazi. Alivifunga vipande kwenye pindo la kanga. Alitamani sana awe amekosea.

Elina alikuwa jikoni, macho yamevimba.

"Nani alimpelekea babu utumbo?"

"Mimi, bibi. Baba alisema ni fungu la mzee. Babu anajipikia mwenyewe, haoshi sana, anapenda ule uchungu wake."

"Mama yako alikuwa wapi?"

"Alinikuta njiani. Akasema nimwambie babu asile, autupe. Nilimwambia. Babu akacheka, akasema tangu lini mke wa mwanawe anamchagulia nyama."

Mama yake Elina aliitwa Nyamizi, lakini Klementina alimwita Mama Precious, hata baada ya Precious kuzikwa. Alimkuta nyuma ya ghala, ameketi chini peke yake.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mwalimu."

Klementina alifungua pindo la kanga, akaviweka vile vipande kati yao. Nyamizi alivitazama, akakificha kidole gumba chake ndani ya ngumi.

"Nilitaka ng'ombe tu," alisema. "Kwao Cyprian ng'ombe wa kufungua njia akifia kwa mke, wanasema njia imekataa, hawaendelei. Nikajua bwana mifugo atasema azikwe. Nilisahau watu wetu na nyama."

"Na ulipoona utumbo unapelekwa kwa mzee?"

"Nilisimama pale uani." Alionyesha kwa kidevu. "Tangu niolewe sijavuka kizingiti cha baba mkwe. Sijasema naye uso kwa uso hata siku moja, unajua mwenyewe. Nikasema leo naingia. Mguu ukakataa. Na ningemwambia nini, mwalimu? Ningeanzaje? Nikajidanganya labda ataosha vizuri."

"Luhende je? Wale wana mawe."

"Nawasikia tangu asubuhi." Akainua uso. "Precious tulimwosha mimi na wewe. Wewe ulishika kichwa, mimi nikashika miguu. Ulitaka na Elina tumwoshe?"

Klementina alilia. Hakujificha kwa kanga. Wakati maneno ya wazee yakipangwa alikuwa amesikia kila kitu, naye alinyamaza kama wengine.

"Elina atakaa kwangu," alisema mwishowe. "Anayekuja na ng'ombe atapita kwangu kwanza. Lakini Luhende naye ana mama, Nyamizi."

Hakuwahi kumwita hivyo. Nyamizi akasimama, akakung'uta nguo.

Uani walikuwepo waombolezaji, Marcelo na Afande Januari. Klementina aliweka michembe mbele ya afande na kumweleza habari za kuku na kucheua. Kabla hajataja mkono, Nyamizi alisema mwenyewe.

"Ni yangu. Niliiloweka kwenye dawa nikamlisha ng'ombe, Jumanne jioni. Luhende hajui lolote."

"Mama Precious, nyamaza," alisema Marcelo.

"Nilinyamaza Jumatano."

Elina alikuwa ametoka jikoni. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyempelekea," alisema taratibu.

"Wewe ulimpelekea na neno langu, mwanangu. Mimi ndiye niliyebaki nje."

Marcelo alikaa chini kwenye vumbi. Baba yake alikuwa mochwari Bariadi, mkewe anaondoka, na hakuonekana kujua ni yupi wa kumlilia kwanza. Januari alimtuma sungusungu mmoja akamfungue Luhende na kuwatawanya vijana. Kisha gari likafika.

"Afande, nisubiri kidogo," alisema Nyamizi.

Januari alimtazama Klementina, naye akatikisa kichwa kukubali. Nyamizi alivuka uani hadi mlangoni kwa baba mkwe. Alivua ndala, akazipanga vizuri kando ya mlango, akashika mwimo wake. Alikaa hivyo hadi Marcelo akataka kuinuka amrudishe, lakini Klementina akamshika bega. Ndipo Nyamizi akainua mguu, akaingia.

Klementina alisogea karibu, mkono wa Elina mkononi mwake. Ndani, mbele ya kitanda kitupu, Nyamizi alikuwa amepiga magoti.

"Baba," walimsikia akisema. "Baba, usile."