Kofia ya Sikio Moja

Asubuhi jua liliingia dirishani, na vumbi la nyuzi likaelea polepole kana kwamba chumba kizima kinaota. Dada alikuwa akishona. Mdogo wake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, alikaa na shati mapajani bila kuligusa. Zamani alikuwa hodari wa vifungo. Sasa alisikia sauti zikimkataza kula.

"Zinatokea kushoto," alikuwa amesema wiki kadhaa kabla.

Kwa hiyo dada alimshonea kofia, akashindilia pamba kwenye sikio la kushoto la kofia hiyo. Kofia ilimtoa jasho, sauti zikabaki. Alizidi kukonda, na dada aliogopa kumpoteza.

Asubuhi hiyo muuguzi alileta sketi ya kupunguzwa.

"Fundi, mbona sikio moja limenenepa?"

"Nazifungia nje sauti zake, nesi."

Muuguzi hakucheka. Alilichukua lile shati. "Pande hizi za mbele zinafanana?"

"Karibu zifanane. Huku vifungo, huku matundu."

"Ubongo nao una pande mbili, na hazilingani kabisa. Kwa watu wengi, sehemu za lugha ni kubwa kidogo upande wa kushoto. Watafiti wameona kwamba kwa wengi wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta sauti kama hizi, tofauti hiyo hupungua, na mawasiliano kati ya pande hizo hulegea. Huenda ndiyo maana mawazo ya mtu humjia kama sauti ya mgeni. Bado wanachunguza."

"Kumbe hazipiti sikioni?"

"Hazipiti. Ni ugonjwa, si kosa lake wala lako. Daktari atamsikiliza, atampa dawa. Asiziache kwa kuwa amepata nafuu. Nawe usimcheke, usibishane na sauti. Kaa naye."

Sindano aliinua macho. "Tutaenda wote, dada?"

"Leo leo. Cherehani itanisubiri."

Wiki zilipita taratibu. Dawa ilimletea usingizi mzito, wakarudi kwa daktari, akaipunguza. Dada aliifumua kofia, na ile pamba akaitengenezea kimto cha pini. Mchana mmoja Sindano alimaliza chakula chake, akavuta shati, akatunga uzi.

"Zimeondoka?" dada aliuliza.

"Moja bado inanong'ona." Alikaza kifungo, akakata uzi kwa meno. "Lakini nakusikia wewe kwanza."

Dada alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Basi nisikie vizuri," alisema. "Kifungo hicho umekishona upande wa matundu."

Sindano alilitazama shati, akacheka, akaanza kukifumua.