Maji ya Sabuni Ndani ya Breki

Usiseme hukuona. Ulipita kule mwisho wa mtaa wa Kasungami, ukaiona kwadi ya wagonjwa imesimama juu ya doa la mafuta, ukaliruka doa, ukaenda zako. Wakubwa waliliruka. Wanafunzi waliliruka. Ndiyo maana hadithi hii inaanza na wewe.

Kwadi ni pikipiki nene ya magurudumu manne. Wakati wa mvua hakuna kingine kinachofika kwenye nyumba za mashambani, kwa sababu barabara ile iliahidiwa changarawe kabla hata dereva wa kwadi hiyo, Maman Adolphine, hajazaliwa. Kila asubuhi kabla ya shule binti yake Joëlle, wa miaka kumi na miwili, aliikagua. Alichomoa kijiti cha kupimia oili ya injini, akapapasa mipira ya breki, ile mirija inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, akachungulia kichupa cha mafuta ya breki kwenye usukani. Kisha mama yake aliuliza, "Iko sawa?" Kwa neno la Joëlle, kwadi iliondoka, ikimfikisha yeye shuleni kwanza.

Jumanne ile haikuwa sawa. Mpira wa breki ya mbele, uliochakaa siku nyingi, sasa ulikuwa na ufa, umelowa, na mafuta yameshuka chini ya mstari. Chupa ya akiba ilikuwa tupu. Breki ya nyuma ilikufa tangu mvua za mwaka jana. Mara tatu Maman Adolphine alimwomba Papa Gauthier, mkuu wa kamati ya kituo cha afya, mpira mpya. Mara tatu alijibiwa, "Maman, vumilia kidogo." Kule mtaa wa Golf, wenye majumba hubadilisha mpira kabla haujachakaa.

Joëlle alijua kwamba akisema kweli, kwadi haitoki, naye atatembea saa nzima kwenye tope na kukosa mtihani wa hesabu. Alikuwa amewaona madereva wa pikipiki za magurudumu matatu wakijaza maji ya sabuni badala ya mafuta ya breki. "Inashika tu!" walicheka. Akakoroga sabuni kwenye kopo, akajaza mpaka mstarini, akaufuta mpira kwa kitambaa.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Maman."

Na breki ikashika kweli, mpaka shuleni.

Saa nne Maman Adolphine aliitwa kumchukua Maman Syntiche, mwenye mimba ya miezi minane, aliyeshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Alimpakia, wakaanza kushuka mteremko mrefu wa kwenda kijitoni. Alibana breki njia nzima, ikapata moto, maji yakachemka ndani ya mpira na kuwa mvuke. Ghafla mkono wa breki ukalegea, haukushika kitu. Kwadi ikaenda mtaroni na wote wawili.

Mtoto wa Syntiche alizaliwa mchana huo. Hakulia.

Kesho yake kamati ilikaa uani mwa kituo. Maman Adolphine alisimama mbele yao, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni.

"Huyu mwanamuke hajuwe kuendesha," alisema Papa Gauthier. "Alete ufunguo."

"Breki iliangaliwa asubuhi, Papa."

"Iliangaliwa na nani? Na malaika?"

Watu wawili watatu wakacheka.

Papa Godefroid, fundi, alikuwa amechutama kando ya kwadi. Alifungua kichupa, akachovya kidole, akakisugua. Povu likatoka.

"Hii haiko mafuta," alisema. "Muntu ameweka sabuni humu. Nani?"

Maman Adolphine alimkodolea fundi macho, haelewi. Nyuma yake alisimama Joëlle. Akinyamaza, ufunguo utachukuliwa, na kifo kile kitabaki kwenye jina la mama yake.

"Ni mimi," alisema. "Niliona ufa. Nilimudanganya Maman ili nisikose mtihani. Maman hana kosa."

Maman Adolphine alifumba macho.

Papa Godefroid akainuka. "Mutoto amesema yake. Sasa wewe, Gauthier. Nani alikatalia Maman Adolphine mpira mupya?"

Gauthier alitazama viatu vyake. "Mimi," alisema.

Ijumaa mipira mipya ilifika. Godefroid alimwaga uchafu ule, akasafisha, akajaza mafuta halisi, akamfundisha Joëlle kutoa hewa mpaka mkono wa breki ukawa mgumu. Akafufua na breki ya nyuma. Ufunguo ulibaki kwa Maman Adolphine.

Siku hiyo hiyo alimpeleka bintiye kwa miguu kuomba msamaha. Maman Syntiche alifungua mlango, akawasikiliza, kisha akaufunga taratibu.

Wakiwa njiani kurudi, Maman Adolphine alisema, "Mtihani unarudiwa. Mtoto yule harudi. Ukikagua chombo ambacho wengine watakipanda, sema kile ulichokiona, hata kama mimi nitakasirika. Na mkubwa akikwambia vumilia, sema tena, kwa sauti zaidi. Mimi nilisema mara tatu, nikanyamaza. Hilo ni langu."

Basi kifunge kitabu hiki. Nenda kwenye gari au pikipiki inayobeba watu wa kwenu, chutama, pitisha vidole kwenye kila mpira. Ukikuta ufa, simama mbele ya chombo hicho na usibanduke mpaka wabadilishe. Usingoje kesho. Nenda sasa!