Akika ya Elodie Marchand

Alasiri ile Lalla Batoul alikuwa jikoni akichambua dengu, mara akakumbuka mkate. Akapaza sauti bila kugeuka: "Wiam! We Wiam! Kimbia tanurini kabla hawajafunga!"

Sauti ya binti yake ikamjibu kutoka chumba cha kufulia, kwa Kifaransa, laini, sauti ya mtu anayetabasamu. Bibi asubiri kidogo, tafadhali asikate simu. Lalla Batoul akasonya, akaendelea na dengu zake. Hazikupita dakika mbili mlango wa nje ukafunguka, akaingia Wiam, mikate ya moto kwapani, ushungi umekaa upande, anahema.

"Unatoka wapi wewe?"

"Si tanurini, mama. Nimekuaga nusu saa nzima iliyopita."

Lalla Batoul akautazama mlango wa chumba cha kufulia. Ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na beseni, ndoo mbili, kiti kitupu, kompyuta iliyofungwa na hedfoni juu yake, pamoja na harufu ya sabuni iliyolala kwenye maji siku nyingi. Akarudi kwenye dengu zake. Mjane anayeishi na binti mmoja akianza kusema kila anachosikia, nyumba itamshinda.

Mimi nayajua haya kwa sababu nyumba yetu na yao zinagawana ukuta, hapa mtaa wa Hay Mohammadi, na kwa sababu mimi na Wiam tuliajiriwa siku moja. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu za Wafaransa. Mteja anapiga kulalamikia umeme wake, anadhani anaongea na msichana wa mji wa jirani, kumbe msichana yuko Casablanca na mchana kala dagaa. Siku ya kwanza unapewa vitu viwili: hedfoni na jina. Mimi nikawa Vanessa. Yeye akawa Elodie Marchand. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Tulikuwa na miaka ishirini na miwili, tukaona ni mchezo.

Lalla Batoul hakucheka hata kidogo. "Nilikaa kwenye ndoa miaka kumi na saba bila mtoto," alituambia, "na miaka yote hiyo jina la Wiam nilikuwa nalo moyoni, namsubiri mwenyewe. Hilo jina lenu la simu halitapita mdomoni mwangu. Mkalitumie huko huko."

Mchezo ukageuka kibarua, na kibarua kikageuka maisha. Hedfoni masikioni saa tisa kwa siku, mapumziko mara mbili ya dakika kumi, simu zote zinarekodiwa, na ukitamka neno moja la Kiarabu unakatwa alama. Unarudi nyumbani umechoka hata kujibu salamu. Mimi baada ya miaka mitatu nilinyoosha mikono, nikaenda kuuza vipodozi dukani kwa shemeji. Wiam alibaki. Mwaka wa nne wakamruhusu kufanyia kazi nyumbani, na alifurahi, maskini, maana miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kula chakula cha mchana na mama yake isipokuwa sikukuu.

Ila nyumba yao ina vyumba viwili na dirisha la barabarani, na watoto wa mtaa huu Mungu awasamehe. Penye utulivu palikuwa mahali pamoja tu, chumba cha kufulia. Akaweka kiti chake pale katikati, juu ya tundu la kutolea maji.

Kwetu sisi mtoto wa miaka mitatu anajua kwamba tundu la maji lina wenyewe. Humwagi maji ya moto hapo bila kusema bismillahi. Huongei juu yake, huitani majina juu yake. Lalla Batoul alimwambia, tena si mara moja. "Angalau piga bismillahi kabla hujafungua mdomo, mwanangu."

"Mama, simu inaingia yenyewe. Wakisikia bismillahi wananikata."

Basi miezi saba, mara themanini kwa siku, msichana alikaa juu ya tundu lile, na bila kulitaja jina la Mungu akasema kwa sauti ya kubembeleza: Elodie Marchand hapa, tayari kukutumikia, nikusaidie nini? Jamani! Hata ungekuwa wewe ndiye unayeishi huko chini, usingeitika?

Wiki moja baada ya ule mkasa wa mkate, msimamizi wake alimpigia kumpongeza. Ijumaa iliyopita alikuwa amepokea simu mia moja na kumi, wewe Elodie ni mtu au mashine? Wiam akaomba asikilize rekodi. Jioni alinipandia darini nikianua nguo.

"Shoga, nimejisikiliza. Ni mimi kabisa. Namtuliza bibi mmoja analia gizani, umeme umemkatikia. Lakini saa hiyo nilikuwa nakula kuskusi na mama. Na chini ya sauti yangu kuna maji yanadondoka."

Nikaacha nguo kwenye kamba. "Umemwambia mama?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimepata msaidizi?" Akacheka, kisha akashusha sauti. "Wiki hii nimelala, unajua? Nimelala kama mtu. Juzi nimeenda hamamu na mama, nimemsugua mgongo. Miaka minne sijamsugua mama mgongo."

"Wiam, hakuna anayefanya kazi bure."

"Najua. Niachie kidogo tu. Mpaka Ramadhani."

Na mimi, nisiwafiche, nilimwonea wivu. Kama ningepata kitu cha kukaa kwenye kile kiti badala yangu, ningekipelekea chai.

Akakiachia kazi. Asubuhi alifungua kompyuta, akaweka hedfoni juu ya kiti, akatoka na kurudisha mlango. Alinona. Alijifunza kushona. Mama yake alikuwa anaimba jikoni. Halafu vitu vidogo vikaanza kumtoka. Siku moja alisahau bizari nyembamba inaitwaje, akasema mama nipe ile ya kahawia, ya unga. Siku nyingine alisimama mlangoni kwetu akishindwa kukumbuka mimi ni nani wake. Ukimwita Wiam aligeuka mara ya tatu, baadaye hakugeuka kabisa, lakini mtoto wa jirani alipomtania "Madamu Elodie!" kutoka ng'ambo ya barabara aliinuka haraka kama aliyeitwa na mkubwa wake. Na sakafu ya kwao, tangu chumba cha kufulia hadi kitandani kwake, ilikuwa na nyayo za maji ambazo Lalla Batoul alizipangusa kila asubuhi bila kumuuliza mtu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani nilikuwepo. Niliwapelekea mtindi, wakanikalisha. Wiam alikuwa amekaa wima mbele ya sinia, anakula kuskusi kwa kijiko, yeye aliyezoea kuifinyanga tonge kwa mkono hadi inang'aa. Lalla Batoul akamsogezea malenge. Binti akainamisha kichwa.

"Asante kwa kunisubiri," akamwambia mama yake. "Je, kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Nikadhani anatania. Nikaanza kucheka, nikakatiza, kwa sababu wakati huo huo, mchana kweupe, adhana ya Ijumaa ndiyo kwanza imekwisha, kutoka chumba cha kufulia ambacho mlango wake ulikuwa umerudishwa tulisikia mtu analia, analia kwa lugha yetu, lugha ya mtaa huu, sauti imekauka kama ya aliyepiga kelele siku nyingi bila kusikiwa, inasema mama, mama nitoe, mama simu hazikatiki, nikimaliza moja inaingia nyingine, mama sipati hata pumzi, na yule aliyekaa mbele yetu akaendelea kutafuna taratibu, ametabasamu, macho yake kwa Lalla Batoul, anangoja jibu.

Lalla Batoul alimshika mkono yule wa sinia. Akauachia mara moja. Ulikuwa baridi, na vidole vimekunjamana kama vya dobi.

Mimi ndiye niliyekimbia kumwita Si Abdennebi, ndiyo kusema Bwana Abdennebi, shehe mzee wa msikiti wetu mdogo, mwenye nyonga mbovu. Alifika baada ya alasiri akiwa ananung'unika njia nzima kuhusu ngazi. Akakaa mbele ya yule binti, akamuuliza wanachouliza wote wa kazi ile.

"Jina lako, na jina la mama yako?"

"Wiam binti Batoul," akajibu, bila kusita.

Akainuka, akaenda chumba cha kufulia, akapiga bismillahi, akainama juu ya tundu. Tulikuwa nyuma yake. "Na wewe huko chini. Jina lako, na jina la mama yako?"

Tukasikia mtu anajaribu, anakwama, anajaribu tena, kama mwenye tonge kooni. Kisha ikatoka, kwa Kifaransa, na kilio ndani yake: "Elodie Marchand hapa, tayari kukutumikia."

"Mama yako nani?"

"Hawakunipa," ile sauti ikasema. "Hawakunipa mama."

Lalla Batoul akajiziba mdomo kwa ushungi. Si Abdennebi akatuvuta uani, akaongea kwa kunong'ona.

"Mama, yule wa sinia ana jina na ana mama. Huyu wa chini ana jina tupu. Jina lisilo na mama halina pa kurudi."

"Basi mfukuze yule! Si jini yule? Msomee atoke!"

"Nimtoe kwa jina gani? Nikimsomea Wiam binti Batoul, nitamfukuza nani? Binti yako alilivua jina lake kila asubuhi akaliacha mlangoni. Limeokotwa. Siwezi kulirudisha." Akapangusa jasho. "Ninachoweza ni kimoja. Huyu wa chini apewe mama. Achinjiwe, aitwe hilo jina alilo nalo, kama mtoto wa siku saba."

Mimi sikuelewa. Lalla Batoul alielewa, akakaa pale pale sakafuni.

"Miaka kumi na saba," akasema. "Miaka kumi na saba nimeomba nipate wa kumwita jina hilo. Sasa nitamwita nani?"

Si Abdennebi akaniambia nitafute kondoo kabla ya kesho.

Kondoo alikuja asubuhi yake, kaka yangu alimleta begani. Yule wa sinia tulimfungia chumbani, na hakupinga, aliingia mwenyewe na kusema hakuna tabu. Lakini kaka alipomlaza kondoo uani, kichwa kuelekea kibla, kukaanza kubishwa mlango kwa ndani, kwa adabu kwanza, samahani kwa usumbufu, samahani, kisha kwa nguvu zaidi lakini sauti ile ile ya upole, samahani mama, mimi ndimi Wiam, mimi ndimi uliyeniomba, utamchinjia mgeni uniache mimi, na kutoka kwenye tundu yule mwingine analia, na Lalla Batoul kati ya milango miwili, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu, anageukia huku, anageukia kule, na kaka yangu ameshika kisu anasema mama taja, mama taja jina, mkono unanichoka.

Akataja. Ulimi wake haujazoea, lilitoka limevunjika. "Ilodi." Akavuta pumzi. "Elodie. Elodie binti Batoul. Ni wangu huyu. Nimemzaa mimi."

Kisu kikapita. Damu ikafuata mteremko wa sakafu hadi tundu la maji. Chumbani kitu kikaanguka kwa kishindo, kukawa kimya pande zote mbili.

Tulipofungua mlango alikuwa sakafuni, anatapika maji ya sabuni, anatapika na kulia, na mikono yake ilikuwa na joto. "Mama," akasema kwa lugha yetu. "Mama, nina njaa." Lalla Batoul alimwangukia, wakalia wote wawili, nami nikalia, hata kaka na kisu chake.

"Sikilizeni," Si Abdennebi akatuambia kabla hajaondoka. "Yule hajaenda mbali. Ameshuka alikotoka, na jina la Wiam amelichukua, ni lake. Akiitwa na mtu mwingine si kitu. Akiitwa na mama, atapanda. Na mara ya pili mimi sina dawa."

Imepita miaka sita. Elodie aliacha kazi siku ile ile, akawa mwalimu wa chekechea, saa sita mchana yuko nyumbani. Mtaa ulishangaa mwezi mmoja, ukazoea; siku hizi jina hilo tunalitamka mpaka linasikika la kwetu. Tundu la chumba cha kufulia walilipiga saruji mara mbili. Na Lalla Batoul, miaka mitano mizima, hakukosea hata mara moja. Alikuwa anajizoeza peke yake jikoni, namsikia ukutani: Elodie, njoo ule. Elodie, vaa koti.

Tangu baridi ya mwaka jana akili yake imeanza kumpotea. Wazee hupoteza kwanza yale mapya. Amesahau kwamba Si Abdennebi alishakufa, amesahau kondoo, amesahau saruji ni ya nini. Jina la Elodie amelisahau kabisa. Lile alilokaa nalo moyoni miaka kumi na saba halijamtoka.

Kwa hiyo Elodie ameacha na chekechea. Anakaa na mama yake kutwa kucha, goti kwa goti, hamwachi hata kwenda dukani; mimi ndiye ninayewaletea mkate. Ijumaa iliyopita niliwakuta hivyo. Lalla Batoul akamtazama binti yake, uso ukamchangamka, midomo ikajikusanya kuita, na Elodie akaiziba haraka kwa kiganja. Chini ya saruji tulisikia maji yametulia, kama mtu aliyeacha kunawa ili asikilize.

Lalla Batoul hakasiriki. Anadhani anapapaswa. Alikibusu kile kiganja, akakisogeza pembeni kwa upole, akafungua mdomo tena.