Okidi Isiyovaa Msiba

Mizizi ya ua la okidi ikiwa na kiu huwa myeupe kama majivu. Ikishakunywa, hugeuka kijani. Pale mjini Hue hata mtoto analijua hilo. Sasa Thoa alipotokea barazani adhuhuri, siku ya kumi tangu wamzike baba mkwe wake, akaikuta mizizi ni kijani, inadondosha maji.

"Mama, umelimwagilia ua la marehemu?"

"Kwa mgongo huu?" Bi Khue, mama mkwe wake, akacheka. "Labda huyo mwanao."

Mwana mwenyewe ni mtoto aitwaye Na, wa miaka minne, na gogo lenye okidi limening'inizwa juu ya kichwa cha mtu mzima.

"Ni Babu," Na akasema. "Mimi namshikia kata ya maji tu. Kila siku."

Viganja vyake vilikuwa baridi kama samaki. Kula alishaacha siku ya tatu sasa, wakidhani ni mafua.

Bi Khue hakucheka tena. "Thoa. Kitambaa ulikifunga?"

Mwenye bustani akifa, kila mmea wake hufungwa kitambaa cheupe, ukaambiwa uomboleze kisha ubaki; usipofungwa, humfuata marehemu. Thoa alifunga mpopoo, mbalungi, hata mfenesi. Alipofika kwa okidi akabenua mdomo: "Wewe nawe, bibi harusi wa mzee, nikuvike kilemba?" Wivu huo! Maana ua lilikuwa likipewa maji ya kuoshea mchele kabla mkwe hajapewa pole ya kuupika. Mimi simsemi mtu.

"Sikulifunga, Mama."

"Basi linamwita mwenyewe arudi. Kesho jua la utosi ulifunge, uliambie. Usigeuke nyuma."

Kesho yake akapanda kigoda, mtoto kando yake, harufu tamu ya maua imejaa baraza nzima, akafunga kitambaa, akanong'ona, "Mwenyewe amekufa, omboleza, ubaki," na nyuma yake maji yaliyokuwa yakichuruzika, ambayo hakujua tangu lini alikuwa akiyasikia, yakakoma.

"Nani amekufa, Thoa?"

Sauti ya mzee, ya kushangaa tu. Jamani, siku ile mzee alianguka akafa pale pale barazani, kata mkononi. Hakuna aliyemwambia kuwa amekufa.

"Ni wewe, Babu," Na akajibu.

Sauti ikasema taratibu: "Ndiyo maana nasikia baridi. Basi njoo, mjukuu wangu, unishikie kata."

Mtoto akanyoosha mkono hewani, ukashikwa, visigino vikaanza kuburuzika sakafuni, na Thoa akakumbuka kuwa siku ya mazishi mtoto alikuwa kwa bibi yake mwingine, hakuvikwa kitambaa kama wafiwa wengine wala hakuambiwa aomboleze, akakinyakua kile cha okidi, akaruka, akakizungusha kwenye kiwiko cha mwanawe na kukaza fundo kwa meno. "Huyu anaomboleza! Huyu anabaki!"

Mkono ukaachiliwa. Juu yao maua yakaanguka yote kwa pamoja, na kufika alasiri mizizi ilikuwa imekauka kama nyuzi kuukuu.

Mtoto Na amepona, anakula, mtundu kuliko mbuzi. Kitambaa hakijavuliwa hata siku moja. Anaogeshwa nacho, analala nacho.

Ila jana mama yake ameona kimeanza kuchanika pale kwenye fundo. Tena adhuhuri, kwenye gogo lile kavu, kulikuwa na mzizi mmoja, kijani, unadondosha maji.