Chumba Alichonyimwa Bakhita

Kila asubuhi Muhsina na Mahbuba walikwenda kisimani pamoja. Walijuana tangu Unguja, kabla familia zao hazijakimbilia Maskati kwa machafuko ya mwaka 1964. Baba yake Mahbuba aliuawa huko Unguja. Sasa, miaka miwili baadaye, yeye na mama yake, Bakhita, waliishi katika banda la makuti nje ya mji.

Asubuhi moja ya baridi, Mahbuba alifika macho mekundu. "Mama amekohoa usiku kucha," alisema. "Banda linavuja."

"Hamieni Nyumba ya Wageni. Kuna chumba kitupu."

"Tumekataliwa. Muulize baba yako."

Nyumba ya Wageni ilikuwa wakfu wa watu wote waliokimbia Unguja. Harub, baba yake Muhsina, alikuwa mmoja wa wadhamini waliojitolea kuisimamia bila ya ujira, na Muhsina alijivunia sana jambo hilo. Mchana, wakati wa kula, alimuuliza.

Harub aliliacha tonge mkononi. "Mzee Majid, mdhamini mwenzetu, alisema Bakhita ni kizazi cha watumwa, hafai kukaa pamoja na jamaa zetu. Wadhamini wengine wakakubali."

"Na wewe, Baba, ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Majid ni mkubwa wangu kwa umri."

Muhsina alinawa mikono, akachukua shuka lake, akatoka. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha tena. Harub alipomfuata, alimkuta bandani amemfunika Bakhita kwa shuka lile, huku Mahbuba akikinga matone kwa sufuria. Bakhita alijaribu kuinuka.

"Karibu, Bwana Harub," alisema kwa taabu. "Uniwie radhi, sina pa kukukalisha."

Harub alishindwa kumtazama usoni. Aliwaita wanawake wa jirani wambebe kwa kitanda, akaenda mwenyewe kukifungua kile chumba. Daktari aliitwa, lakini kifua kilikuwa kimeshaharibika. Ijumaa, Bakhita alifariki dunia.

Baada ya matanga, Harub alisimama mbele ya wadhamini wenzake. "Wakfu huu haukutaja rangi wala ukoo," alisema. "Tuliuvunja sote, na mimi kwa kunyamaza."

Mzee Majid aliinamisha kichwa. "Nimekosa," alisema. "Tangu leo asirudishwe mtu mlangoni."

Harub alimchukua Mahbuba akamlea. Jioni ya siku ya kikao kile, Mahbuba alipokwisha kulala kwa kulia, Muhsina aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba, tungemhamisha mama yake mapema, angepona?"

"Sijui, mwanangu. Nitajiuliza hivyo maisha yangu yote." Harub alijifuta macho. "Niliwekwa pale niwasemee wasio na msemaji, nikamuonea haya Mzee Majid. Wewe ukiona mtu anabaguliwa, sema papo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilisema Bakhita alipokwisha kuzikwa."