Umejaribia Wapi?

Ghorofa ya mafundi cherehani ilikuwa imefurika watu siku ile. Katikati ya kelele za mashine alisimama binti mwenye gauni la kijani na raba nyeupe, simu mkononi, uso umemshuka. Programu aliyoihangaikia mwaka mzima, ya kumkadiria fundi kitambaa ili asikate kwa kubahatisha, ilikuwa inagoma kushuka kwenye simu ya shangazi yake mwenyewe. Ilikuwa ya bure kabisa, tena haina siri: anayetaka aifungue, airekebishe, ampe na mwenzake. Lakini bure gani hiyo kama haipakuliki?

"Umeliweka wapi hilo faili, dada?" sauti ikamuuliza kwa nyuma.

Kijana wa shati la njano, amekuja kuchukua suruali yake, na tayari anachungulia simu za watu. Alikuwa mtunza seva, ile kompyuta kuu ya chuo. Binti akamjibu kwa mkato kwamba liko kwenye tovuti yake. Kijana akasema tovuti ndogo kama hiyo, watu kumi wakiivamia kwa pamoja, inazimia. Ilimuuma binti kwa sababu ilikuwa kweli. Aligeuka ampe la kumpa, akakutana na macho yanayocheka, akajikuta anampa namba ya simu. Kijana naye akaondoka bila suruali. Shangazi aliyaona yote hayo, akaendelea kukanyaga cherehani.

Basi, simu zikaanza. Zile simu ambazo watu wanaagana mara tano na hakuna anayekata. Walipendana hao, tena bila aibu.

Jumamosi mafundi wa mji mzima wangekutana ukumbini, na binti alikuwa amepewa nafasi ya kuwaonyesha programu yake. Wakiipata, imeishi. Wakishindwa, wanarudi kwenye makadirio yao na hakuna atakayemsikiliza tena. Kwa hiyo faili likae wapi? Yeye alilipenda ghala moja kubwa la ng'ambo linalohifadhi programu za bure. Kijana hakutaka hata kusikia. Kwa nini kazi ya hapa ikalale ughaibuni na chuo kina seva?

"Niletee mimi, mpenzi," alimwambia. "Kwangu linashuka hujapepesa macho."

Binti akakubali. Tuseme ukweli, aliyekubaliwa ni kijana, si seva.

Mkutano ulipokaribia, alikwenda kwa shangazi kujaribu. Faili likafika nusu, likafa. Akarudia, likafa tena. Akapiga simu.

"Haishuki," alisema.

"Mbona kwangu inaruka?"

"Kwa hiyo mimi muongo?"

Kijana alichelewa kujibu, na kuchelewa kule ndiko kulikoharibu. Binti akakata simu. Jioni hiyohiyo akalihamishia faili ng'ambo bila kumwambia neno. Kijana alipofungua ukurasa wa programu akakuta anwani ya seva yake imefutwa. Hakuniamini hata kidogo, alijisemea.

Huku amenuna akaenda kuifuata ile suruali. Shangazi akamwambia akae, kisha akamwomba ajaribu mwenyewe, kwa simu yake mwenyewe, pale pale kwenye kigoda. Kijana akaivuta ile nakala ya chuoni. Ikafika nusu, ikafa. Ndipo akaelewa. Siku zote alikuwa akijaribia kwenye kiti chake chuoni, na seva iko nyuma ya ukuta. Ingeachaje kuruka? Alimpigia binti pale pale. Hakupokea.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Binti alisimama mbele, blauzi nyeupe, sketi ya zambarau aliyoshonewa na shangazi. Lile ghala la ng'ambo halikuzimia, lakini faili lilikuwa zito, na mafundi walianza kunung'unika kwamba linawalia bando lao la intaneti. Wengine wakaanza kurudisha simu mfukoni.

Ndipo shati la njano likapenya katikati ya viti, mkononi kisanduku kidogo chenye antena. Kijana akamweleza binti kwa sauti ya chini: faili limo humu ndani, simu zinalivuta humu humu ukumbini, bando haliguswi.

"Humu sijakiwasha," akasema. "Faili ni lako. Useme wewe. Na siku ile nisamehe, ulikuwa unasema kweli."

"Safari hii umejaribia wapi?"

"Nje, ng'ambo ya barabara, nimesimama juani."

Binti alitaka kununa bado, ikamshinda. Akakichukua, akakichomeka mwenyewe kwenye umeme. Kisha simu moja ikalia kwamba faili limeshuka, ikafuata nyingine, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Mafundi walikuwa wanaonyeshana, wanapokezana, wanacheka. Binti alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akamshika kijana mkono mbele ya watu wote.

"Kuna kingine nimekijaribu," kijana akamwambia sikioni. "Kukaa mbali na wewe. Kimegoma kabisa. Naomba nije kwenu, nijitambulishe kwa wazee."

"Njoo," akasema binti. "Njoo hata kesho."

Shangazi, ambaye masikio yake hayajawahi kupitwa na kitu, alikuwa ameshavua futi ya kupimia shingoni. Akamwambia binti asimame wima, akampima mabega, kiuno, urefu hadi chini kabisa, akaingiza vipimo vya gauni la harusi kwenye programu.

"Inasema mita sita," akatangaza, akiwaangalia wote wawili. "Mimi nitanunua saba."